Tenda Wema, Usiende Zako

Kasuku wale walikamatwa mara mbili kabla mtu yeyote hajafikiria kuwaachia. Mara ya kwanza walinaswa na watu wa magendo huko Sierra Madre, milima ya kaskazini-magharibi mwa Meksiko, wakakatwa manyoya ya mbawa wasiweze kuruka, wakavushwa mpaka kwenda kuuzwa Marekani. Mara ya pili walikamatwa na serikali, wao pamoja na waliowabeba. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Maofisa wa wanyamapori wakajikuta na vizimba vilivyojaa ndege wa kijani, wenye paji jekundu na mdomo mweusi mnene, na hawana pa kuwapeleka.

Historia iliwapa jibu. Ndege hao si wageni katika jimbo la Arizona. Mwaka 1917 na 1918 makundi makubwa yalivuka kutoka Meksiko na kutua katika milima ya Chiricahua, kona ya kusini-mashariki ya jimbo hilo, kufuata matunda ya misonobari. Wachimba madini na wakata magogo waliwapokea kwa bunduki. Wengine waliwala, wengine waliwapiga kwa sababu tu walikuwa wengi, wenye kelele na hawakimbii. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 hapakuwa tena na kundi la kuhesabu. Kwa hiyo nusu karne baadaye, serikali ilipokuwa na kasuku wa aina hiyohiyo mikononi, wazo la kuwarudisha Chiricahua lilionekana kama kulipa deni. Aliyeongoza kazi ya kitaalamu alikuwa Noel Snyder, mtafiti wa ndege aliyekwisha kufanya kazi na kasuku wa Puerto Rico na tumbusi wakubwa wa California. Hakuwa mtu wa pupa, na hilo ni la kukumbuka katika yote yanayofuata.

Shida ya kwanza ilikuwa manyoya. Unyoya uliokatwa haurefuki. Hubaki kigutu mpaka ung'oke wenyewe wakati ndege anapobadilisha manyoya, ndipo mwingine uote, na kwa ndege mkubwa shughuli hiyo yaweza kuchukua mwaka au zaidi. Wataalamu wakatumia ufundi wa kale wa wafugaji wa ndege wa kuwindia, ambao Uarabuni unajulikana hadi leo. Shina la unyoya lina uwazi ndani. Unachukua unyoya mzima uliodondoka kwa ndege mwingine wa aina hiyo, unaupima, unauunga kwenye kigutu kwa kijiti chembamba chenye gundi. Ukiunga vibaya kwa upande mmoja, ndege huruka akiinama. Ukiunga vizuri, anaruka siku hiyohiyo.

Wakaunga. Majira ya vuli ya 1986 kundi la kwanza likaachiwa, baadhi wakiwa na redio ndogo shingoni ili wafuatwe. Baadhi waliondoka papo hapo kuelekea kusini, kwao, na ni vigumu kuwalaumu. Baadhi waliliwa na vipanga. Waliobaki wakashikamana wakawa kundi moja, wakala misonobari ya Chiricahua, na majira ya joto wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewafundisha hapo: waliruka mamia ya kilomita kwenda kaskazini, kwenye ukingo mrefu wa milima uitwao Mogollon Rim, kisha vuli wakarudi. Mwaka 1988 ikaonekana kuwa kuna waliozaa. Hapo kila mtu aliona kazi imekwisha kushika.

Kwa kuwa kasuku wa magendo hawapatikani kwa kuagiza, mradi ukaanza kuongeza ndege waliozaliwa vizimbani. Wengine walikuwa wamelelewa na wazazi wao ndani ya kizimba, wengine walilishwa na binadamu kwa mkono tangu wakiwa makinda yasiyo na manyoya. Walikuwa na afya nzuri. Kwa macho ya kawaida walikuwa wazuri kuliko wale wa magendo: wamenenepa, manyoya yanang'aa, mbawa hazijawahi kuguswa na mkasi. Hadi 1993 walikuwa wameachiwa kasuku 88 kwa jumla, wa kila namna.

Wale waliolelewa kwa mkono walikufa karibu wote, na walikufa upesi. Hawakufa njaa kwanza, ingawa njaa ilikuwa njiani kuwafikia. Kundi la kasuku wa porini lilipita juu likipiga kelele, na wao wakabaki wamekaa kwenye tawi. Sauti ile haikuwahusu. Kipanga alipotokea hawakujua kuwa ni kipanga. Wale waliolelewa na wazazi wao vizimbani walikuwa afadhali kidogo, lakini nao wengi hawakushikamana na wenzao. Mradi ukasimamishwa mwaka 1993. Kulikuwa na sababu nyingine pia, magonjwa yakiwemo, na mwaka 1994 moto mkubwa uliunguza sehemu ya misitu ya Chiricahua. Katikati ya muongo ule kasuku hawa wakawa hawaonekani tena Arizona.

Funzo hili lina uzito kwa sababu hapakuwa na mjinga wala mzembe ndani yake. Watu walijali, walisoma, walipima, walikuwa na fedha na redio. Kosa lilikuwa katika kudhani kuwa mwili ukipona, ndege amepona.

Tazama kundi linavyofanya kazi. Kasuku anayekula tunda la msonobari hushika tunda kwa mguu mmoja, huanza chini, hung'oa magamba moja baada ya jingine kwa kulizungusha, na nyuma ya kila gamba hudokoa mbegu. Wakati huo wote kichwa kimeinama na macho yako kwenye kazi. Ndege aliye peke yake ana njia mbili: ale na asione, au aone na asile. Walio ishirini hugawana. Kila mmoja huinua kichwa mara chache, lakini kwa kuwa hawainui kwa pamoja, daima kuna macho yanayotazama juu. Anayeona hatari hupiga ukelele mmoja, na ishirini wote wako hewani kabla hata hawajajua wanamkimbia nani. Kipanga anayeingia katikati ya ndege ishirini wanaopinda kwa pamoja hupata taabu kuchagua. Akimwona mmoja aliyechelewa, aliyepinda upande usio wenyewe, amekwisha kuchagua.

Kwa hiyo kundi ni mlinzi na pia ni shule. Kinda la porini huondoka kwenye kiota likiwa halijui hata kushika tunda sawasawa. Hufuata wazazi, hudokoa mabaki, huiga, hukosea, na huku linalindwa na macho ya wengine. Hujifunza mlima upi una mbegu mwezi upi, maji yako wapi mwaka wa ukame, mti upi wa kulala. Hakuna chochote katika hayo kinachopatikana kwenye sahani ya mbegu za alizeti, hata sahani ikiwa safi namna gani. Unaweza kumfundisha kasuku wa kizimbani kupasua tunda la msonobari, na atapasua, lakini atatumia muda mrefu kupata mlo ambao mwenzake wa porini anaupata kwa muda mfupi, na kila dakika ya ziada ni dakika ambayo kichwa kiko chini.

Kuna jeraha jingine, na hili husababishwa na upendo kabisa. Ndege wengi, hasa korongo, bata na bata bukini, huamua mapema mno maishani kwamba wao ni nani, na huamua kwa kumtazama anayewalisha. Akiwa mtu, basi wao ni watu. Kisa mashuhuri ni cha korongo mweupe wa Marekani aliyeitwa Tex, jike aliyeanguliwa mwaka 1967 na kulelewa na binadamu. Aina yake ilikuwa karibu kutoweka duniani, kila yai lilihesabiwa, naye hakumtaka dume yeyote wa kikorongo. Alipenda wanaume. George Archibald, mmoja wa waanzilishi wa taasisi ya kimataifa ya korongo huko Baraboo, Wisconsin, ilimbidi akae naye na kucheza ngoma ya uchumba, akirukaruka na kupiga mikono kama mbawa, msimu baada ya msimu, ili Tex akubali kutaga na yai lirutubishwe kwa njia za kitaalamu. Mwaka 1982 kinda moja lilitoka. Watu hucheka kisa hiki, na mimi hucheka pia. Lakini hebu mfikirie Tex mwenyewe. Siku zake zote alikuwa na mbawa nzima, afya nzima, na hapakuwa na kundi lolote duniani ambalo angelitambua kuwa lake. Baada yake, walezi wa korongo wakaanza kuvaa mashuka meupe yanayoficha umbo la mtu na kulisha makinda kwa kikaragosi chenye kichwa cha korongo, bila kusema neno.

Waswahili tuna methali inayotumika sana kwenye mambo ya hisani: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Kwa binadamu ni mawaidha mazuri. Kwa ndege waliofungiwa ndiyo hasa iliyowaua wengi. Mtu ananunua ndege sokoni kwa huruma, anafungua tundu, ndege anapaa, mtu anaona moyo wake umekuwa mwepesi na anaondoka. Katika nchi kadhaa za Asia biashara nzima imesimama juu ya jambo hilo: ndege hukamatwa porini ili wauzwe mlangoni mwa mahekalu, waachiwe kwa ajili ya thawabu, na wengine hukamatwa tena walikotua. Anayefungua tundu haoni kinachotokea baada ya ndege kupita paa la nyumba ya tatu.

Kwetu jambo hili linamgusa zaidi kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, anayejua kuiga sauti ya mwenye nyumba na mlio wa simu. Wengi hutoka Kongo. Wategaji humtumia kasuku mmoja kuwa chambo: hufungwa juu ya mti akiita, na matawi ya jirani hupakwa ulimbo. Kundi likisikia mwito huja, kwa sababu kundi huitikia, na hunaswa kwa wingi. Angalia ukatili ulivyo ndani yake: kinachowaingiza mtegoni ni tabia ileile inayowaweka hai. Tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, na wanaokamatwa mikononi mwa walanguzi hupelekwa kwenye vituo kama cha Lwiro, Kivu Kusini, kinachojulikana zaidi kwa sokwe wake. Hufika wakiwa na manyoya yaliyogandana kwa ulimbo au yaliyokatwa kwa panga. Hawa wana bahati moja ambayo kasuku wa sebuleni hana. Walizaliwa porini, walikuwa kundini mpaka jana, na wako pamoja kizimbani kwa makumi. Wakipewa muda wa kuota manyoya, wakaachiwa pamoja, wanaondoka na kundi lao wenyewe.

Kasuku aliyekaa sebuleni miaka minane, anayejua kusema "karibu mgeni", ni habari nyingine. Ukimtoa nje na kumrusha, humkomboi.

Na kabla hujamchanganya na wenzake kuna swali ambalo wenye huruma hulichukia: ana ugonjwa gani? Ndege aliyekaa na kuku uani anaweza kubeba kideri akionekana mzima. Aliyepita sokoni amepumua hewa ya ndege wa kila pembe. Ukimwachia karibu na kundi la porini ambalo halijawahi kukutana na ugonjwa huo, unaweza kuwa umemwokoa mmoja ukaua mia. Si nadharia. Huko Brazili kuna kasuku wa buluu, arara anayeitwa kwa jina la Spix, ambaye wa mwisho porini, dume mmoja, alitoweka mwaka 2000 karibu na mji mdogo wa Curaçá, jimbo la Bahia. Miaka mitano kabla yake, 1995, wataalamu walimwachia jike ili wawe wawili. Jike huyo alidumu wiki chache tu, kisha akapotea. Baadaye ikaelezwa kuwa huenda aligonga nyaya za umeme. Dume naye alikuwa amekwisha kujiunga na arara wadogo wa kijani wa aina nyingine, waitwao maracanã, akaruka nao na hata kuoana na mmoja wao. Watu walidhani ni kituko cha mpweke. Iligeuka kuwa somo. Juni 2022, arara wa Spix waliozaliwa vizimbani walipoachiwa Curaçá, waliachiwa wanane, na pamoja nao maracanã wanane wa porini waliokaa nao kizimba kimoja kwanza. Hao ndio walikuwa walimu: wanajua mti wa matunda, wanajua maji, wanajua kipanga. Wanafunzi wakawafuata, na wengi walidumu, wakataga. Kisha mwaka 2025 kukagunduliwa ndani ya kundi hilo sirkovirusi, maradhi yanayoharibu manyoya na mdomo wa kasuku. Miongo ya kazi, walimu bora waliowahi kupatikana, na bado kirusi kikapata mlango.

Sasa tuje Rwanda, maana huko kazi hii ya kuwarudisha ndege porini imefanywa na watu wa kwetu, kwa ndege tunayemjua.

Korongo-taji hahitaji kuelezwa Uganda, ambako yuko katikati ya bendera, wala kwa wakulima wa Kitale na Uasin Gishu wanaomwona akitembea mashambani na taji lake la dhahabu. Rwanda wanamwita umusambi. Ni alama ya utajiri na maisha marefu, na hapo ndipo msiba wake ulipoanzia. Mwenye hoteli alitaka wawili kwenye bustani. Mwenye nyumba kubwa akataka naye. Makinda yakachukuliwa kwenye viota vya mabwawa na vijana wanaotafuta hela, yakauzwa, na ili yasiruke yakakatwa manyoya. Wengine walikatwa sehemu ya mfupa wenyewe wa bawa. Miguu ilivunjika njiani. Ndani ya uzio korongo hawa walikula mabaki ya jikoni na karibu hawakuzaa kabisa, kwa hiyo kila aliyekufa bustanini alifidiwa na mwingine kutoka bwawani. Mwaka 2012 aina hii iliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, ambaye awali alitibu gorila wa milimani, alianza kazi pamoja na serikali kwa jambo lisilotarajiwa: msamaha. Ilitangazwa kuwa mwenye korongo nyumbani ajitokeze, asajiliwe, hatashitakiwa. Nadhani hapo ndipo mradi ulipookolewa. Ingetangazwa adhabu, korongo wangechinjwa usiku au kufunguliwa milango alfajiri, na mitaa ya Kigali ingejaa ndege wasioweza kuruka wakikimbizwa na mbwa. Watu walipiga simu. Zaidi ya ndege 200 walitoka majumbani na mahotelini.

Hawakupelekwa porini moja kwa moja. Kwanza walivikwa pete, kisha wakakaa karantini, damu ikapimwa. Waliokuwa wazima wakapelekwa Hifadhi ya Akagera, mashariki, kwenye eneo la uzio lililotengwa kwa ajili yao, na hapo wakaachwa miezi kadhaa waote manyoya. Sababu ya kusubiri mbawa ni ya usiku zaidi kuliko ya mchana. Korongo-taji na ndugu yake mmoja wa karibu ndio korongo pekee duniani wanaolala juu ya miti, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinashika tawi. Asiyeweza kuruka hulala chini, na Akagera kuna chui, fisi na mbweha.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi walivyoondoka. Ndege hutoka anapoweza, kwa mbawa zake, leo yuko nje, kesho karudi, keshokutwa yuko na wengine mbali. Ndani ya uzio walikuwa wengi pamoja, wakila pamoja, wakipiga miguu chini kuwashtua panzi, wakicheza ile ngoma yao ya kuinama na kuruka. Watu waliwatenganisha kila mmoja kwenye bustani yake, na ndani ya uzio wakaunda kundi upya kabla ya kukutana na wa porini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Akagera na kasuku wa kulelewa kwa mkono wa Chiricahua. Ipo pia tofauti ya chakula: mbegu za majani, wadudu na vyura havihitaji ujuzi wa kupasua tunda la msonobari, na korongo aliyekosea leo atapata kesho. Kasuku hakuwa na nafasi hiyo. Zaidi ya korongo 150 wameondoka Akagera kwa njia hii, na baadhi yao wameonekana wakiwa na makinda.

Wako wasioweza kuondoka kamwe. Aliyekatwa mfupa wa bawa hakuna gundi wala kijiti cha kumuunga. Kumwachia huyo kwa jina la uhuru ni kumwua kwa njia ndefu, na daktari mwaminifu husema hivyo mbele ya mwenye ndege hata akilia. Kwa ajili yao lilitengenezwa bwawa pembezoni mwa Kigali, hekta 21 za nyasi na maji zilizofufuliwa, liitwalo Umusambi Village, na wananchi na wanafunzi hulitembelea. Korongo wanaokaa hapo hawaruki, ila wana wenzao, wana matope ya kukanyaga na panzi wa kufukuza. Nimewasikia watu wakiuliza faida yake ni nini ikiwa hawarudi porini. Mtoto wa shule anayemwona korongo akitembea na bawa lililokatika huelewa bei ya ndege wa bustani bila hotuba.

Mwaka 2017 sensa ya korongo-taji wa porini Rwanda nzima ilipata 487. Miaka mitano baadaye walikuwa wamepita 1,000. Hapa inafaa tufanye hesabu, kwa sababu habari za ndege kuachiwa hupendwa na wapiga picha na huficha sehemu kubwa ya kazi. Ndege 150 na ushei hawawezi kuleta ongezeko la mia tano na zaidi, hata wote wangepona. Jozi ya korongo-taji kwa kawaida hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia kama mwezi mmoja, na makinda hukaa chini majanini wiki nyingi kabla ya kuruka. Hizo ndizo wiki ambazo kijana mwenye gunia aliyachukua. Sehemu kubwa ya nyongeza ile ilitoka kwenye viota ambavyo hakuna aliyeviibia, hasa katika bwawa la Rugezi, kaskazini karibu na mpaka wa Uganda, ambako wanakijiji wameajiriwa kuwa walinzi. Hutembea kingo za bwawa kila siku, wanajua kiota kiko kwa nani, wanazungumza na mwenye shamba anayetaka kukata majani mapema na mama anayetafuta kuni. Shuleni hugawiwa kijitabu cha katuni kuhusu korongo. Wanunuzi nao wamepungua, kwa kuwa siku hizi korongo bustanini humletea mwenye hoteli maswali kutoka kwa wageni wake.

Kwa hiyo ukiokota ndege, au ukirithi nyumba yenye ndege, ipigie simu ofisi ya wanyamapori kabla ya kugusa komeo la tundu, na usiliondoe kinda majanini kwa sababu liko peke yake. Mara nyingi wazazi wako umbali wa hatua chache wakikungoja wewe uondoke.